Chipu ya miguu mirefu au ya kubandika? Bodi ya pampu kwa hewa ya Tanga

Swali: Shikamoo, fundi. Niko Makorora, hapa hapa Tanga. Nyumbani tuna kisima na tangi lililo juu ya mnara, na nimetengeneza kidhibiti cha pampu kwa Arduino Uno na bredibodi. Boya likishuka pampu inawaka, likipanda inazima. Kimefanya kazi miezi miwili. Sasa nataka kuchora bodi yangu mwenyewe, chipu peke yake bila Uno. ATmega328P, ile chipu iliyo kwenye Uno, naiona inauzwa kwa maumbo matatu, na rafiki yangu ananiambia niachane nayo nichukue RP2040. Nichague umbo lipi, na pembeni ya chipu niweke vitu gani? Nina chuma cha kulehemu cha kawaida, mita na adapta ya volti 12.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera. Miezi miwili kwenye bredibodi si kidogo, maana vibanio vyake hulegea upesi.

Nitangulize jibu. Chukua ATmega328P ya miguu 28, ile ndefu inayopenya kwenye matundu ya bodi. Iendeshe kwa saa yake ya ndani, yaani mapigo yanayoongoza hatua za chipu, usiweke kristali, kile kipande cha nje kinachotoa mapigo hayo kwa usahihi zaidi. Kisha akili yako yote ihamishie kwenye umeme unaoingia ndani ya chipu, kwa sababu bodi nyingi ninazoletewa zikiwa "chipu imekufa" chipu yake ni nzima kabisa. Kilichougua ni ujirani wake.

Sasa sababu. Ndani ya maumbo yote matatu mna chipu ileile: kumbukumbu ya programu kilobaiti 32, RAM kilobaiti 2, na volti kuanzia 1.8 hadi 5.5. Ganda ndilo linalotofautiana. La kwanza lina safu mbili za miguu, na kutoka mguu hadi mguu ni milimita 2.54. La pili ni la mraba wa milimita 7, miguu 32 pande zote nne, nafasi milimita 0.8, nalo hubandikwa juu ya bodi. La tatu ni mraba wa milimita 5 usio na miguu: viunganishi viko chini, vimepishana milimita 0.5, na tumboni kuna bamba la shaba linalotakiwa nalo kulehemiwa.

Mtu akiniuliza achague lipi, namrudishia swali: ikifa saa mbili usiku na tangi halina maji, utaibadilisha kwa kifaa gani? Wewe una chuma cha kulehemu na mita. Ganda la tatu linahitaji bloa, kile kifaa cha kupuliza hewa ya moto, na ukishalibandika huwezi kuona kwa macho kama kila kiunganishi kimeshika. Fimbo ya mbali haiui nyoka, hata iwe nzuri namna gani.

Liko na jambo la hewa yetu ambalo wengi hawalijui. Ganda la plastiki la chipu ya kubandika hufyonza unyevu. Chipu nyingi za aina hiyo huja kwenye mfuko uliofungwa bila hewa, wenye lebo ya daraja la unyevu. Daraja la 3, kwa mfano, maana yake ukishafungua mfuko una saa 168, yaani siku 7, za kuilehemu, tena mahali pasipozidi nyuzi 30 za joto na unyevu wa asilimia 60. Hapa pwani unyevu wa asilimia 60 si wa kila siku. Mara nyingi tuko juu ya hapo. Chipu iliyokaa kabatini miezi mitatu bila mfuko, ukiipiga bloa ghafla, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kupasua ganda kwa ndani. Kwa nje unaweza usione kitu. Chuma cha kulehemu kinachogusa mguu mmojammoja hakipashi ganda zima namna hiyo, kwa hiyo mwenye chuma tu ana hatari ndogo zaidi.

Ganda la pili, lile la miguu 32, usiliogope. Nafasi ya milimita 0.8 inalehemika kwa mkono. Unashika pembe mbili kwanza, unapaka fluksi ya kutosha, unavuta tone la risasi kupita juu ya miguu yote, kisha unaondoa zilizoungana kwa utepe wa shaba. Linakuongezea njia mbili za kusoma volti ambazo ndugu yake wa miguu 28 hana. Ningependa bodi yako ya pili uifanye kwa hilo. Ila dukani usome herufi za mwisho kwa makini: ATmega328PB si ATmega328P. Kwenye PB, mguu wa 3 na wa 6, ambayo kwenye P ni hasi na chanya, imegeuzwa kuwa miguu ya kazi. Ukiipachika kwenye bodi iliyochorwa kwa P, kisha programu ikaigusa miguu hiyo, umeitengenezea shoti mwenyewe.

Na RP2040 ya rafiki yako? Ni chipu nzuri na sina neno nayo, lakini haikufai kwa mkono ulionao leo. Ina viunganishi 56 kwenye mraba wa milimita 7, nafasi milimita 0.4, na hasi yake iko sehemu moja tu: bamba la tumboni. Bila kulehemu tumbo, chipu haina hasi kabisa. Haina kumbukumbu ya programu ndani yake, kwa hiyo unaiwekea chipu nyingine ya kumbukumbu pembeni. Inataka kristali, inataka volti 3.3, na msururu wa kapasita kuizunguka. Ukiitamani sana, nunua Raspberry Pi Pico iliyokwisha kuundwa, bodi ya milimita 21 kwa 51, uilehemu juu ya bodi yako kama vile ni kipande kimoja kikubwa. Hapo umepata chipu hiyo huku kazi ngumu ikiwa imefanywa kiwandani. Kumbuka tu kwamba miguu yake haivumilii volti 5.

Turudi kwenye miguu yako 28. Utajiuliza: niilehemu moja kwa moja, au niweke soketi? Kila kitabu kitakwambia soketi, ili ibadilishike. Mimi nilikuwa naweka soketi kila mahali, hadi nilipoletewa bodi ya mlango wa geti kutoka nyumba moja ya Raskazone, hatua chache kutoka baharini. Mwenyewe alishabadilisha chipu mara mbili. Niliiweka mezani nikaiwasha: kimya. Nikaibonyeza chipu kwa kidole gumba, taa ikawaka. Nikaachia, ikazima. Nilipoing'oa, mguu wa 7, ule wa chanya, ulikuwa umefubaa rangi ya kijivu, na ndani ya tundu la soketi mlikuwa na unga wa kijani. Ni chumvi na unyevu, tena kwenye soketi ile rahisi yenye vibanio viwili vya bati. Chipu zote mbili zilizotupwa inawezekana zilikuwa nzima.

Tangu siku hiyo, soketi naiweka kwenye bodi ya mezani, ya kujaribia. Bodi inayokwenda kukaa kisimani nailehemu chipu moja kwa moja, na badala ya soketi natoa pini 6 za kupakia programu, safu mbili za tatutatu. Kupitia pini hizo unabadilisha programu bila kuing'oa chipu. Kama roho haitulii bila soketi, nunua ile yenye matundu ya duara yaliyochongwa, hushika mguu pande zote na hustahimili zaidi.

Sasa ujirani wa chipu, na hapa nitakaa kidogo.

Chipu hainywi umeme taratibu kama taa. Inakunywa kwa mafunda mafupi kila saa yake inapogonga, mara milioni 8 kwa sekunde. Funda likilazimika kusafiri kutoka kwenye regyuleta (kipande kinachoshusha volti) iliyo mwisho wa bodi, njia ndefu ya shaba hulichelewesha, na volti kwenye mguu hushuka kwa kitambo kidogo mno ambacho mita yako haiwezi kukiona. Ndiyo maana tunaweka kapasita ya nanofaradi 100 mguuni kabisa. Ni kama mtungi jikoni: huendi kisimani kila unapotaka kata moja ya maji. Mtungi ukiuweka uani haukusaidii, na kapasita vivyo hivyo. Iwe ndani ya milimita 5 kutoka mguuni. Ni zile ndogo za seramiki zilizoandikwa 104, na bodi za televisheni mbovu zimejaa tele.

Kwenye chipu yako weka moja kati ya mguu wa 7 na wa 8, ambayo iko ubavu kwa ubavu, na nyingine kati ya 20 na 22. Mguu wa 20 ndio unaosahauliwa. Watu husema "situmii kusoma volti, kwa nini niulishe?" Huo ndio unaolisha pia miguu ya kazi inayoitwa PC0 hadi PC3. Ukiuacha mtupu, boya lako ulilolifunga kwenye PC0 litasomwa leo hivi na kesho vile, nawe utashinda unatafuta kosa kwenye programu. Mguu wa 20 uende kwenye chanya, 8 na 22 zote mbili ziende kwenye hasi, bila kuchagua. Mguu wa 21 usiuunge na chanya. Uwekee kapasita yake ya 104 kwenda hasi, basi.

Mguu wa 1 ni wa kuanzisha upya. Chipu ina rezista yake ya ndani hapo, lakini ni dhaifu, kati ya kilo-omu 30 na 60, na rilei, ile swichi inayovutwa na koili, ikilia karibu, mguu huo huokota kelele za umeme. Weka rezista ya kilo-omu 10 kwenda chanya. Tena mguu huu, tofauti na mingine, hauna kinga ya ndani ya kuelekea chanya, kwa sababu umeachwa huru upokee volti 12 kwa namna fulani ya kupakia programu. Kwa kuwa hutatumia namna hiyo, funga diodi ya 1N4148 kutoka mguu wa 1 kwenda chanya, ule upande wenye mstari uelekee chanya. Njia yake ya shaba iwe fupi, isipite jirani na rilei.

Kristali nimekwambia uache, na sababu ni mbili. Kazi yako haihitaji saa ya usahihi: pampu ikichelewa nusu sekunde hakuna atakayejua. Pili, miguu ya kristali hubeba mtetemo mdogo sana, na utando wa chumvi na unyevu kati yake huweza kuuzima. Saa ya ndani ya megahezi 8 haina mguu wa nje wa kuharibiwa. Udhaifu wake ni kwamba ikitoka kiwandani inaweza kupotoka hadi asilimia 10, na hiyo ni nyingi mno kwa mawasiliano na kompyuta au moduli ya simu kwa njia ya serio, ile inayotuma data biti moja baada ya nyingine. Siku ukitaka tangi likutumie ujumbe wa simu, ndipo urudishe kristali pamoja na kapasita zake mbili za pikofaradi 22.

Hapo pana mtego. Chipu mpya kabisa kutoka kiwandani huanza na saa ya ndani iliyogawanywa kwa 8, yaani megahezi 1. Zima mgawanyo huo kwenye fyuzi za ndani (ni mipangilio ya chipu, si fyuzi za umeme) upate 8, na programu uitafsiri kwa 8, si 16 ya Uno. Lakini chipu zinazouzwa zikiwa tayari zimewekewa programu ya Uno, fyuzi zake zimepangwa kusubiri kristali ya nje. Ukiipachika kwenye bodi isiyo na kristali, haiwaki na haipokei programu, na utadhani umeuziwa kanyaboya. Ipeleke kwenye bredibodi, ifungie kristali kwenye mguu wa 9 na wa 10, badilisha fyuzi, kisha irudishe. Ukiwa hapo soma na alama yake ya utambulisho: 328P ni 1E 95 0F. Ikijibu 1E 95 14, hiyo ni 328 isiyo na P. Inafanya kazi, ila programu ya kupakia lazima iambiwe.

Kwenye fyuzi hizohizo washa mlinzi wa volti kwenye kiwango cha 2.7. Kutoka kiwandani huwa amezimwa. Umeme wa nyumbani ukikatika, volti kwenye bodi haikatiki papo hapo, hushuka polepole kadiri kapasita inavyokauka, na chipu yenye njaa hutekeleza amri za ajabu: inaweza kuwasha pampu, inaweza kuharibu EEPROM, kumbukumbu yake isiyofutika umeme ukikatika. Mlinzi anaisimamisha kabla haijafika huko. Mwanzoni mwa programu yako soma rejista ya MCUSR, inayokumbuka kwa nini chipu imeanza upya, na uipigie taa: mara moja kwa umeme kuwashwa, mara mbili kwa mguu wa 1, mara tatu kwa volti kushuka, mara nne kwa mlinzi wa muda, yule anayeianzisha upya chipu programu ikiganda. Ni mistari michache tu, na itakufanyia kazi ya oskiloskopu usiyokuwa nayo.

Umeme wenyewe. Adapta yako ni ya volti 12 na chipu inataka 5, kwa hiyo regyuleta ya 7805 inatosha. Angalia hesabu hii. Rilei ya volti 5 hula karibu miliampea 70. Ukijumlisha chipu na taa unakaribia 100. Volti 7 zinazobaki juu, mara ampea 0.1, ni wati 0.7 zinazogeuka joto tupu. Bila bamba la kupozea, 7805 hupanda kama nyuzi 45 juu ya hewa inayoizunguka, na hewa ndani ya boksi lililo juani ni 40 au zaidi. Badala yake nunua rilei ya volti 12 uilishe moja kwa moja kutoka kwenye adapta. Hiyo hula kama miliampea 30 na haipiti kwenye regyuleta. 7805 inabakiwa na miliampea 20 hivi, na inakaa vuguvugu tu. Faida kubwa zaidi ni kwamba mtikisiko wa rilei unakuwa upande wa 12, si upande wa chipu. Weka maikrofaradi 100 ya volti 25 mlangoni, ile ya nyuzi 105 si ya 85, maikrofaradi 10 upande wa 5, kapasita ya 104 kila upande karibu na regyuleta, na diodi ya 1N4007 kwenye njia ya kuingia ili mtu akigeuza waya kusiungue kitu.

Rilei iendeshwe na transista, BC547 inatosha kwa miliampea 30, na rezista ya kilo-omu 2.2 kutoka mguu wa chipu. Koili ifungiwe 1N4007 kinyume. Kisha, tafadhali, ongeza rezista ya kilo-omu 10 kutoka kwenye besi ya transista kwenda hasi. Chipu inapoanza upya miguu yake yote huelea, haivuti wala haisukumi, na besi inayoelea inaweza kuiwasha pampu wakati hakuna anayeiongoza. Hii rezista ndiyo inayosema: kukiwa na shaka, pampu izime.

Usiipitishe pampu yenyewe kwenye rilei ya bodi. Mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, na cheche zake hulehemu midomo ya rilei ndogo. Rilei yako iwashe koili ya kontakta, ile rilei kubwa ya kuwashia mota, kontakta iwashe pampu. Upande wa volti 230 uwe kona yake peke yake kwenye bodi, mbali na upande wa chipu kwa milimita 6 au zaidi, na chini ya rilei ukate mwanya kwenye bodi yenyewe, maana unyevu wenye chumvi hutambaa juu ya ubao lakini hauruki mwanya. Kufunga kontakta na swichi kuu mwachie fundi umeme mwenye leseni. Hapo sikubembelezi.

Waya wa boya unaopanda mnarani ni mrefu, na wakati wa masika radi huukumbuka. Usitegemee rezista ya ndani ya chipu kuuvuta juu. Weka ya kilo-omu 4.7, ili unyevu unaovujisha kidogo kwenye kiungio usisomeke kama boya limefunga. Kabla waya haujafika mguuni upitishe kwenye rezista ya kilo-omu 1, na mguuni pawe na 104 kwenda hasi.

Bodi ikishafanya kazi wiki nzima, ioshe fluksi kwa spiriti na brashi, ikauke kabisa, kisha uipake vanishi ya bodi pande zote, ukiziba kwanza pini za programu na vituo vya waya. Fluksi ukiiacha chini ya vanishi umeufungia unyevu ndani. Boksi liwe la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, waya zote ziingie kwa chini, na chini kabisa toboa tundu dogo. Boksi lisilopumua hunyonya hewa ya usiku kupitia mianya ya waya, asubuhi lina umande ndani na haupati pa kutokea.

Kabla hujaagiza bodi, chapisha mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, uuweke juu ya kipande cha sponji, na uichomeke chipu kwenye karatasi. Kuna maganda mawili ya miguu 28 kwenye maktaba za kuchorea: jembamba, ambalo safu zake zimeachana milimita 7.62, na pana la milimita 15.24. Lako ni jembamba. Fanya hivyo hivyo kwa rilei, kwa 7805 na kwa vituo vya waya. Miguu yote ikiingia bila kulazimishwa, niletee karatasi hiyo Ngamiani pamoja na mchoro wa saketi, tuutazame pamoja mguu wa 20 kabla hujatuma hela.